Kifuu cha Mgawa Maji

Karangsoka,
Jumapili, siku ya Pon ya juma la soko, Novemba 1982

Kwako Kaka Tukiran, huko Lampung,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Rubinem na watoto wote watatu, hata yule mdogo ambaye sijamtia machoni. Natumai barua hii itawakuta mko wazima na mnakula mkashiba. Je, nguruwe mwitu wamepungua huko? Na paa la nyumba, mlishaliezeka? Nauliza haya kwanza kwa sababu Mama alitulea hivyo, mtu haingii kwa watu na jambo zito kabla hajaulizia hata kuku wao. Ukituuliza sisi, tupo, tunapumua. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana nimekaa kuandika barua hii ili niache kudanganya.

Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne. Majaruba ya juu yamepasuka, mtoto anaweza kuingiza mguu ndani ya ufa ukamfika gotini. Chemchemi iko bado, lakini mfereji mkubwa, ule tuliokuwa tukiogelea mimi na wewe tukachapwa, sasa unauvuka bila kukunja nguo. Watu wanakula makopa, asubuhi makopa na jioni makopa, na tempe ya soya wakibahatika. Wali tunauona kwenye kenduri, na kenduri zenyewe nitakueleza.

Kaka, keti kwanza. Baba anaumwa sana. Leo ni siku ya kumi na moja hajatia kitu kinywani zaidi ya uji mwepesi, na uji wenyewe hadi nimbembeleze kama mtoto. Mganga wa kituo cha afya alikuja na baiskeli yake, akamsikiliza kifua, akaniacha na vidonge vyeupe na sura ya mtu mwenye haraka ya kuondoka. Siku ya nne ya ugonjwa Baba aliniita akaniuliza, kwa sauti ile ile anayoulizia kama nimefunga kuku, ni nani atakayembeba. Nilijifanya sikusikia. Akaniuliza tena. Makaburi yetu yako juu kilimani, unajua, jeneza linataka watu wanne na wanne wengine wa kuwapokea. Nikahesabu kimoyomoyo. Mume wangu Sugimin, mmoja. Wewe, kama utakuja, wawili. Nikakwama hapo.

Najua ulivyosikia, kwa sababu Giman wa kwa mfua chuma aliporudi Lampung alikueleza yote, na nawe ukaandika ile barua ya mwezi wa tisa. Giman hakudanganya. Alikueleza walivyoona watu wote. Mwezi wa saba, siku ya zamu yetu, mpunga wa kijiji kizima ukiwa na mimba na kila mtu akilia na maji, kifuu cha Baba kilikutwa kimezibwa tundu kwa nta. Kifuu kile kile, Kaka, alichoachiwa na babu, kinachoelea kwenye ndoo na kuingiza maji polepole kupitia tundu dogo la chini, na kikizama zamu ya mtu imekwisha. Miaka thelathini na mmoja Baba amegawa maji kwa kifuu kile. Mtu mwenye majaruba mawili anapewa mizamo miwili, mwenye matatu mizamo mitatu, awe mkuu wa kijiji au mjane asiye na mbuzi. Kikizibwa, kinachelewa kuzama, na mwenye zamu anakunywa maji ya wenzake.

Siku ile kilichelewa kwenye shamba lako, hili ninalokutunzia. Kikaendelea kuchelewa kwa waliofuata baada yetu, nao wakashukuru Mungu wakidhani chemchemi imeongezeka. Jua lilipozidi ile nta ikalainika ikaziba tundu lote. Kifuu kikakaa juu ya maji kama bata. Mzee Karsono, mwenye zamu ya mwisho, alikuwa amesimama na jembe lake tangu alasiri, akamwambia Baba kwa adabu, "Mzee Marto, samahani, naona jua linakwenda, kifuu hakiendi." Baba akamwambia asubiri, kifuu hakijapata kumdhulumu mtu. Macho ya Baba unayajua, yameingia ukungu, siku hizi anakiamini kile kifuu kuliko jua lenyewe. Wakasubiri mpaka ngoma ya magharibi ikapigwa, na ikipigwa hiyo maji ni ya kitongoji cha chini, hakuna mjadala. Mzee Karsono hakupata hata tone. Ndipo alipokiinua kifuu akakielekeza kwenye mwanga uliobaki, na watu kumi na kitu wakaona kwamba tundu halipitishi mwanga.

Baba alikichukua mkononi mwake. Akakipapasa chini kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Ni mimi. Nilitaka mpunga wa mwanangu unywe. Nisameheni."

Baada ya hapo ni kama alivyokueleza Giman. Kikao nyumbani kwa mkuu wa kijiji, Baba amekaa mkekani na kofia yake mapajani. Hakuna aliyepaza sauti. Wakamvua kazi, na lile shamba analopewa mgawa maji badala ya mshahara likarudi kijijini kabla hata viazi havijakomaa. Sasa mgawa maji ni Mzee Karsono mwenyewe, anatumia saa ya mkononi. Zamu ilipomrudia, siku nane baadaye, mpunga wake ulikuwa umeshachelewa. Alipovuna alipata mapepe. Nilimwona mkewe akipepeta, ungo mzima ukapeperuka na upepo, akabaki ameshika ungo mtupu anautazama. Nilipitia nyuma ya mianzi nisikutane naye.

Wewe uliandika, Kaka, kwamba unaona haya kutaja jina la baba yako mbele ya wenzako. Kwamba hutaki mpunga ule, wala hutaki kurudi kwenye nyumba ya mwizi wa maji, na akifa usiitwe. Nadhani uliandika ukiwa na hasira. Nadhani tu, sikuwepo. Barua ilifika siku ya soko, Baba akanisikia nikiifungua, akaja akakaa karibu nami akasugua mikono kwa furaha. Tangu msimu wa mpunga alikuwa hajapata neno lako. Akasema, haya, soma, Tukiran anasemaje. Nikasoma. Nikamsomea kwamba mko wazima, mihogo imestawi, watoto wanamsalimu babu yao, na wewe unamwombea afya. Nilisoma nikiyatembeza macho kwenye mistari kama mtu anayesoma kweli, mpaka nikageuza karatasi.

Alipokuwa akiinuka akasema, "Tukiran hajapata kuandika barua fupi namna hiyo." Akaenda kulisha kuku.

Sasa nikueleze hitima ya Mama. Mwezi huu Mama ametimiza siku elfu moja ardhini. Nilikopa mchele, nikachinja kuku watatu, nikapika apem, vile vikate vya mchele, mpaka mikono ikaota malengelenge. Sugimin akapita nyumba kwa nyumba kualika, kama inavyotakiwa, nyumba ishirini na tano. Kila nyumba ilimpokea, ikamkalisha, ikamwambia ndiyo, ndiyo, inshallah. Unawajua watu wetu, neno hapana hawalisemi. Nikatandika mikeka chumba kizima. Baba akavaa koti lake la harusi na kofia nyeusi, akakaa pale karibu na mlango anapokaa mwenye shughuli, mikono juu ya magoti.

Alasiri ikafika. Akaja mzee wa msikiti peke yake, akakaa. Tukangoja. Nilikuwa nachungulia kupitia pazia la jikoni, na kila jani lililoanguka uani Baba aliinua kichwa. Wali ukapoa. Mafuta ya kuku yakaganda yakawa meupe. Mzee wa msikiti akakohoa akasema labda tuanze, akamwombea Mama dua yote, dua nzuri, hakukata hata neno, na wa kuitikia amina walikuwa Baba na Sugimin. Wawili tu, kwenye mikeka ya watu thelathini. Mama ambaye alikuwa akiingia jikoni mwa kila mtu hapa kijijini akishika mwiko kabla hajaambiwa!

Baba aliniambia nifungashe chakula kwenye vikapu nikipeleke kwa kila nyumba, kama tunavyowapelekea waliopata udhuru. Nikapeleka. Walivipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaniulizia mwanangu Yatmi anaendeleaje na shule. Nikarudi nikiwa na matumaini, mimi mjinga. Asubuhi Baba alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Vikapu vyote vilikuwa vimening'inizwa kwenye ua wetu, kimoja kimoja, kwa ustaarabu kabisa, na chakula ndani hakijaguswa. Baba alivishusha mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Jioni hiyo homa ikampanda, na tangu hapo kifua chake hakijatulia.

Kaka, sasa nafika pale nilipokuwa nikipaogopa tangu nilipoandika neno la kwanza. Nimeshaandika barua hii mara mbili nikaitia motoni. Kile kifuu nilikiziba mimi.

Mimi, Wagirah, mdogo wako. Si Baba. Baba hakujua lolote mpaka kidole chake kilipogusa ile nta.

Nilimpelekea chakula cha mchana siku ile, kama kila siku. Zamu yetu ilikuwa imeanza, maji yameingia kwenye shamba lako, na adhuhuri imefika. Akaniambia, mwanangu, nishikie kifuu nikaswali. Hakuna mtu mwingine ambaye angemwachia kifuu kile. Alitawadha mferejini pale pale, akaenda chini ya ule mnazi kuswali, akanipa mgongo. Mimi mfukoni nilikuwa na donge la nta ya batiki, ile ya kahawia ninayochanganya mwenyewe na utomvu wa msonobari. Usidhani ilikuwemo kwa bahati. Niliitia mfukoni asubuhi, kwa makusudi, nikatembea nayo. Nikabana kidogo kama punje ya dengu kwenye tundu, nusu tu, na nikajiapiza kwamba Baba akitoa salamu ya mwisho nitaibandua.

Unajua kwa nini nilifanya? Kwa sababu ya barua yako ya mwezi wa sita. Uliandika kwamba Lampung imewashinda, kwamba wifi anakonda, na mtarudi mavuno yakiisha. Ukaniambia, "Wagirah, usiache mpunga wangu ufe, ndio tutakaokula tukifika." Nilikuwa naitembeza barua hiyo kwenye mkanda wa nguo yangu. Kila siku nilikuwa nakwenda kuukagua mpunga wako, una mimba, umevimba, nimeupelekea hata matunda machachu anayotamani mwenye mimba, kama alivyokuwa akifanya Mama, na chini ya mizizi udongo umeanza kuwa mweupe. Mizamo miwili haikutosha. Nikaona watoto wako watatu wanashuka kwenye basi, na mimi ninawapa makopa. Sikulaumu, Kaka. Nakueleza tu akili yangu ilikuwa imekwenda wapi.

Basi Baba alimaliza kuswali mapema kuliko nilivyodhani, akarudi akakaa akaiweka ndoo katikati ya magoti yake. Nikakosa nafasi. Akaniambia nikusanye vyombo niende nyumbani, jua kali. Ningeweza kusema. Neno moja tu, Baba, nipe hicho kifuu. Nikakusanya vyombo nikaenda. Njia nzima nikijiambia kwamba nusu tundu si kitu, kitazama tu, nitaibandua kesho. Sikumfikiria Mzee Karsono hata mara moja. Wallahi sikumfikiria mtu wa mwisho.

Jioni ile Baba aliporudi alikaa kizingitini akaosha miguu. Akasema, bila kunitazama, kwamba nta ile ina harufu ya utomvu wangu. Nikaanguka miguuni pake. Nikamwambia nakwenda sasa hivi kwa Mzee Karsono. Akanishika mkono kwa nguvu sijui aliitoa wapi. Akasema, "Wewe umeolewa kwao. Mumeo ni mtoto wa mdogo wake. Watakuacha, na Yatmi watabaki naye. Mimi nimebakiwa na siku ngapi? Niachie." Akaniapisha. Akaniwekea Kurani ya Mama mkononi, na mimi, Kaka, nikaapa. Nikaapa upesi. Hilo ndilo linaloniua zaidi ya ile nta, jinsi nilivyoapa upesi na jinsi usiku ule nilivyolala.

Mpunga wako niliuvuna. Ulikuwa mzuri, umejaa, magunia mawili. Baba hakutaka kuula hata punje. Alikula makopa mbele ya magunia yale miezi miwili, akasema tu kwamba tumbo lake limezoea mihogo.

Aliponiuliza ni nani atambeba, nilivumilia siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, na wanaume wote walikuwa kwenye kibwawa wakisafisha mfereji. Nilipakia gunia moja kwenye baiskeli ya Sugimin, nikalifunga na kanga, nikasukuma mpaka kule. Wote walikuwepo, matope hadi mapajani. Sugimin pia. Nikalibwaga gunia mbele ya miguu ya Mzee Karsono, nikamwambia huu ni mpunga wa maji yako. Nikawaeleza. Nta, mfuko, adhuhuri, kiapo, kila kitu, kwa sauti ya juu kwa sababu nilijua nikiishusha nitalia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa! Nilitaka mtu anirushie tope.

Walisimama wameegemea majembe. Mzee Karsono alinitazama, akasema, "Rudi nyumbani, mama Yatmi. Jua kali."

Basi, hayo tu. Akainama akaendelea kuchimba, na wengine wakainama. Gunia liko pale pale mpaka leo, hakuna aliyeligusa, ndege wamelitoboa. La pili nimelibeba mwenyewe hadi kizingitini kwa Mzee Karsono, na kuku wake wanalichokoa. Kwa hiyo usiutegemee tena ule mpunga, Kaka. Ukija utakula makopa nasi.

Sugimin alirudi kabla ya adhuhuri. Hakunigombeza. Alikunja sarong zake mbili, akachukua sare ya shule ya Yatmi na madaftari yake. Nilimwuliza kama amekasirika. Akasema hajui, akili yake haijafika. Akamshika Yatmi mkono wakaenda kwa mama yake, Yatmi akigeuka nyuma kila hatua na mimi nikimpungia mkono nikicheka, ili asiogope. Walipopotea nilikaa chini uani kama gunia jingine.

Sikumwambia Baba. Nilikaa karibu naye nikimlowanisha midomo, nikijiambia nimeharibu yote mawili, kiapo nimevunja na watu hawakuja.

Juzi, Ijumaa, baada ya alasiri, nikasikia mlango wa ua. Nilidhani ni mbuzi. Alikuwa Mzee Karsono, amevaa sarong safi na kofia nyeusi. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Niliwahesabu hadi kumi na tisa, nikapoteza hesabu. Wamevaa kama wanaokwenda kwenye shughuli. Wanawake wakazunguka mlango wa jikoni na vikapu viunoni. Nilisimama mlangoni nikasema karibuni, karibuni ndani. Walinipita, Kaka. Mmoja mmoja walinipita kama wanavyoupita mwimo wa mlango. Jikoni mke wa Mzee Karsono alichochea moto wangu, akachukua sufuria yangu, hakuniuliza hata kisu kiko wapi. Nilikaa kwenye kona ya kuni.

Wakaketi kumzunguka Baba, chumba kikajaa. Baba akafumbua macho. Akaziona zile kofia nyeusi, duara zima, wamekaa kimya na mikono mapajani. Akageuza kichwa polepole akanitafuta mlangoni, akaniuliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Wagirah, kwani nimeshakufa?"

Mzee Karsono ndiye aliyejibu. "Bado, Mzee Marto. Ungekufa tungekuja na majembe." Wakacheka, Baba naye akacheka mpaka akakohoa, na Mzee Karsono akamshika mgongo. Halafu mzee yule akainama akauchukua mkono wa Baba akaupeleka kwenye paji lake la uso, akasema maneno ya kuomba radhi, yale ya heshima ya juu kabisa. Wakasoma hitima ya Mama upya. Safari hii amina ilitikisa kuta, nikasikia mijusi wanakimbia darini.

Lakini Baba alishaelewa. Katikati ya dua alinitazama, akaona kwamba nimevunja kiapo. Akatazama ukuta ambapo Sugimin hutundika sarong zake, akaona misumari mitupu. Akafumba macho. Tangu saa ile hakusema nami neno. Wakija wengine anazungumza nao, hata utani anafanya. Nikiingia mimi ananyamaza, anameza uji ninaomlisha na kuutazama ukuta. Nilidhani nikisema kweli ndipo nitalala usingizi. Silali, na Yatmi hajaletwa.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini mchana huu, nikiwa nimefika mahali nilipoandika habari za kibwawa, Baba amezungumza. Alikuwa akisikia kalamu. Ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia barua ya Kaka Tukiran. Akaniuliza ni fupi au ndefu. Nikasema ndefu, Baba. Akauliza, "Yote umeiandika?" Nikasema yote. Akafumba macho, nikadhani amelala.

Kisha akasema, "Basi na ile yake ya mwezi wa tisa nisomee yote."

Kaka, nimemwambia macho yangu yamechoka, nitamsomea kesho. Barua yako ninayo, iko nyuma ya kioo cha Mama, na kila neno ulilolitia humo nalijua kwa moyo. Kumdanganya tena siwezi, nimemaliza uongo wote niliokuwa nao. Kumsomea ile vilevile siwezi. Naweza kuisogeza kesho hiyo siku tatu, labda nne, labda siku ambazo barua hii itachukua kukufikia. Njoo. Na kama huwezi kuja, andika nyingine usiku huo huo utakaosoma hii, umpe dereva wa basi, umwambie ni ya Mzee Marto, mgawa maji wa Karangsoka. Andika ndefu kama ulivyozoea.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu mmoja mmoja. Waambie shangazi yao anawakumbuka hata kama hawamjui. Majirani wote wanakusalimu, yaani wangekusalimu kama wangekuwa wanasema nami. Baba hajatuma salamu zake. Anasubiri kwanza kusikia zako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Wagirah